Mpira na Reki Katika Bonde la Mathare

Katika bonde la Mathare, kilometa tano hivi kutoka katikati ya mji wa Nairobi, timu ya vijana yaweza kushinda michezo mingi uwanjani na bado isiwe ya kwanza katika ligi. Sababu yake ni kwamba pointi hazihesabiwi kwa mabao peke yake. Timu ikitoka siku iliyopangwa, ikazibua mitaro na kuzoa taka katika mtaa wake, huandikiwa pointi 6, na hizo ni mara mbili ya pointi zinazopatikana kwa kushinda mchezo mmoja. Timu isiyotokea kazini haiandikiwi kitu, hata kama washambuliaji wake ni hodari namna gani.

Mpango huu ni wa chama kiitwacho Mathare Youth Sports Association, ambacho watu wamezoea kukiita MYSA, kilichoanzishwa mwaka wa 1987. Wengi wamesikia habari za mpira wake. Ni wachache waliouliza kwa nini chama hiki kimedumu mahali ambapo mipango mingine ya vijana, yenye fedha nyingi zaidi, imekufa kabla ya kuota meno. Swali hilo si la watu wa Nairobi tu, maana nchi yetu imekwisha kuona huwa nini wakati vijana wasio na kazi wanapopata kiongozi mbaya.

Yafaa kwanza msomaji apafahamu mahali penyewe. Zamani bonde hilo lilikuwa machimbo ya mawe. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952, vibanda vya watu waliokaa humo vilibomolewa, na wengi wakachukuliwa vizuizini. Baada ya Uhuru mwaka wa 1963 watu wakaingia kwa maelfu kutoka kila pembe ya nchi wakitafuta kazi: Wakikuyu, Waluo, Waluhya, Wakamba na wengineo. Wakajenga kwa mabati na udongo, ukuta wa huyu ukiegemea ukuta wa yule. Malori ya Halmashauri ya Mji hayakupata njia ya kuingia na, kusema kweli, hayakuitafuta sana. Taka za nyumba zikatupwa mtaroni, mtaro ukaziba, na mvua za masika zilipokuja maji machafu yakaingia mpaka chini ya vitanda. Mkulima wa Nyeri au Kakamega, ambaye maganda ya jikoni kwake huwa mbolea ya migomba, hawezi kuelewa kwa urahisi maisha ya mahali ambapo gunia moja la taka halina pa kwenda.

Mwaka ule wa 1987 Mkanada mmoja aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, Bwana Bob Munro, aliwaona watoto wa Mathare wakicheza kwa mpira wa karatasi za plastiki uliofungwa kamba. Hawakuwa na refa, na kila bao lilizusha ugomvi. Akakubali kuwasaidia, lakini si bure: kwanza wausafishe uwanja wao. Kutokana na mapatano hayo madogo ilikuja kanuni ambayo chama kimeishika tangu siku zile, kwamba vijana wakifanya kitu chama nacho kitafanya kitu, na wasipofanya kitu chama nacho hakitafanya. Kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko alivyotazamia mtu yeyote. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachezaji katika ligi zake walikuwa zaidi ya 10,000. Mapema zaidi, mwaka wa 1992, wakati mataifa yalipokutana Rio de Janeiro kuzungumzia hifadhi ya mazingira, MYSA ilipewa tuzo ya Global 500 ya Umoja wa Mataifa kwa ajili ya kazi yake ya usafi.

Hapo ndipo ulipo werevu wa mpango huu. Ukimwambia kijana kwamba usafi ni jambo jema, atakuitikia kwa adabu, kisha atakwenda zake. Hata ukimpa reki na toroli atafanya kazi asubuhi moja ili akuridhishe. Lakini mtaro ukiingia katika daftari lile lile la mabao, mambo hubadilika. Mvulana wa miaka 12 asipotokea kazini, hahitaji kukaripiwa na mzee yeyote. Wenzake watamfuata nyumbani na kumtoa kitandani, kwa kuwa pointi 6 ni mali yao wote. Karani aliyezoea kuandika hesabu atalifahamu jambo hili upesi, maana ajua kwamba kitu kisichoandikwa husahauliwa, na kinachoandikwa mahali pa siri hutiliwa shaka. Msimamo wa ligi husomwa na kila mtu.

Kanuni za uwanjani nazo zatufundisha. Anayeruhusiwa kusema na refa ni nahodha peke yake. Mchezaji atakayepewa kadi nyekundu hatosheki kwa kukaa nje michezo kadhaa kama ilivyo kwingineko, bali hana budi yeye mwenyewe ashike filimbi na kuwa refa wa watoto wadogo kabla ya kurudi mchezoni. Hebu fikiri, msomaji, jinsi kijana wa miaka 17 aliyemtukana refa juzi anavyojisikia akiwa katikati ya watoto 22, kila mmoja akimlilia kwamba ameonewa. Nimesoma sheria nyingi za kutia watu adabu, na ni chache zilizonipendeza kama hii. Tena iko kadi ya kijani, ambayo refa humpa mchezaji aliyeonyesha uungwana kuliko wenzake. Kadi hiyo humletea pointi zake mwenyewe, na pointi hizo zina thamani ya kweli, kwa sababu vijana wenye pointi nyingi za utumishi hulipiwa karo, na fedha hazipitii mikononi mwao bali hupelekwa shuleni moja kwa moja.

Viongozi wa kila eneo huchaguliwa na vijana wenyewe. Hao ndio hupanga ratiba, husikiliza malalamiko na huamua nani ameshindwa kutimiza wajibu wake. Kijana aliyekaa katika kamati ya namna hiyo miaka mitatu amekwisha kuhesabu kura, kutetea neno lake mbele ya wapinzani, na kushindwa katika uchaguzi bila ya kuchoma kibanda cha mtu. Wako watu wazima katika nchi hii ambao hawajapata kufuzu somo hilo la mwisho.

Sitaki msomaji adhani kwamba mpira uliizuia Mathare isiungue. Iliungua. Mwezi wa Novemba 2006 magenge mawili, Mungiki na lile lililojiita Taliban, yalipigana humo kwa ajili ya fedha zilizotozwa wapika chang'aa, na nyumba nyingi zikateketea. Ukaja uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo ya kura za Rais yalipotangazwa tarehe 30, ghasia zikaenea nchini. Kiambaa, karibu na Eldoret, watu waliokimbilia kanisani, wengi wao wanawake na watoto, walichomwa moto humo. Naivasha na Nakuru zikafuata kwa kisasi. Mathare majirani wa miaka ishirini waligawana mitaa kwa makabila, na mwenye nyumba upande usio wake akahama usiku na godoro kichwani. Tume ya Jaji Waki, iliyotoa taarifa yake mwezi wa Oktoba 2008, ilihesabu watu 1,133 waliokufa katika nchi nzima, na zaidi ya watu 300,000 walikuwa wameyakimbia makwao. Taarifa hiyo ilieleza pia kwamba mahali pengi ghasia hazikuwa hasira ya ghafula tu. Vijana walikusanywa, wakachukuliwa kwa magari, wakapewa fedha.

Neno hilo la mwisho ndilo linalonifanya niandike. Mwanasiasa mwovu anayetaka kuharibu hatafuti mzee mwenye shamba la chai. Humtafuta kijana aliyekaa ukutani tangu asubuhi, ambaye hakuna anayemngoja popote, na ambaye noti mbili za shilingi mia tano ni mshahara wa ajabu kwake. Kijana mwenye mchezo Jumamosi, aliye na watoto wadogo wanaomngoja aje na filimbi, ana bei nyingine. Sisemi kwamba hanunuliki. Nasema bei yake imepanda, na wengine huwa hawanunuliki kabisa.

Mwaka huo huo wa 2008 timu ya Mathare United, iliyozaliwa na MYSA mwaka wa 1994, ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya. Ni vijana waliotoka katika mitaa ile iliyogawanyika kwa makabila mwezi wa Januari.

Serikali nayo haikukaa kimya. Mwaka wa 2009 ilianzisha mpango wa Kazi kwa Vijana, uliowalipa vijana kwa kuchimba mitaro, kupanda miti na kutengeneza barabara ndogo. Nia ilikuwa njema, na mitaro mingi ilichimbwa. Lakini mwaka wa 2011 Benki ya Dunia iliacha kuugharamia baada ya kuonekana kasoro katika hesabu. Miaka michache baadaye Huduma ya Vijana kwa Taifa iliingia katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, ikajenga vyoo na kusafisha mito, na wakazi wengi wakafurahi. Mwaka wa 2015 ikafichuka kashfa ya mamilioni ya shilingi, na mwezi wa Novemba waziri aliyeisimamia akajiuzulu. Mwaka wa 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, ulikuja mpango wa Kazi Mtaani. Hapo kijana alilipwa shilingi 455 kwa siku katika awamu ya pili, naye alizihitaji sana. Fedha zilipokwisha reki zikawekwa chini.

Siwalaumu vijana walioziweka chini. Aliyeajiriwa kwa siku hana sababu ya kufanya kazi siku ambayo hakuajiriwa. Tofauti kati ya mipango hiyo na ule wa Mathare si ukubwa wa fedha, wala si bidii ya vijana, kwa kuwa mara nyingine vijana walikuwa wale wale. Katika mipango ya serikali, daftari lilikaa ofisini. Majina, siku za kazi na malipo viliandikwa na watu ambao kijana hakuwachagua wala hakuweza kuwauliza neno. Alikuwa kibarua. Mathare kijana ndiye mwenye kanuni. Alisaidia kuitunga, na akiivunja huwa ameivunja mbele ya wenzake.

Wapo wasomaji watakaosema kwamba afadhali basi serikali iwalazimishe vijana wote kufanya kazi za jamii, nao huitaja Rwanda. Ni kweli kwamba Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi Wanyarwanda hutoka kufanya umuganda, na miji yao ni safi mno. Lakini umuganda una historia yake. Ulifanywa kuwa wajibu wa raia katika miaka ya 1970, wakati wa utawala wa Rais Habyarimana, na ulisimamiwa na wakubwa wa chama na wa serikali. Mwaka wa 1994 njia ile ile ya kuwatoa watu majumbani kwa amri ilitumiwa kuwatoa waende kuua. Mauaji yenyewe yakaitwa kazi, na Interahamwe, waliokuwa jeshi la vijana wa chama kilichotawala, wakawa mbele. Watu wapatao 800,000 waliuawa katika muda wa siku mia moja hivi. Wanyarwanda wenyewe waliufufua umuganda baadaye kwa kusudi jingine, nao umewasaidia kujenga upya. Walakini yatupasa kukumbuka kwamba vijana wengi wenye majembe, waliozoea kutii na wasiozoea kuuliza, si dalili ya amani.

Hapana budi niseme pia habari za wasichana. Katika miaka ya mwanzo MYSA ilikuwa ya wavulana. Wasichana walipoanza kucheza mwanzoni mwa miaka ya 1990, wazazi wengi hawakupendezwa. Nani atachota maji? Nani atambeba mtoto mchanga mama akiwa sokoni? Maswali hayo hayakuwa ya upuuzi, na chama hakikuyajibu kwa hotuba. Saa za mazoezi zilipangwa ili wasichana wawe wamefika nyumbani kabla ya giza, na aliyekuwa na ndugu mdogo wa kulea alikuja naye uwanjani. Polepole akina mama waliona kwamba binti anayecheza hazurambi ovyo. Leo jambo hilo ni la kawaida hata watu husahau kwamba lilipata kuwa la aibu.

Mwaka wa 1999 vijana wa Mathare walikwenda Kakuma, katika nchi ya Waturkana, kwenye kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka wa 1992 kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Sudan. Walikwenda kufundisha utaratibu wao wa ligi. Wakimbizi walikuwa wa mataifa mengi, na baadhi yao walikuwa na damu kati yao tangu huko walikotoka. Lililonivutia mimi ni nani aliyekuwa mwalimu. Kwa mara moja watu waliozoea kuletewa wafadhili na wataalamu walikuwa wao ndio wenye ujuzi wa kumpa mwingine.

Hata hivyo yapo mambo mawili ambayo hayafai kufichwa. La kwanza, mtaro wa Mathare si mali ya watoto. Ni kazi ya serikali ya kaunti, ambayo hutoza kodi na ada kwa ajili hiyo, na yawezekana kabisa kwamba ofisa mvivu amekwisha kutazama vijana wakizoa taka akajisemea moyoni kwamba basi imekwisha. Mvua kubwa za mwezi wa Aprili 2024 zilionyesha mwisho wa uvivu huo. Mto ulifurika, watu wakafa, na baadaye serikali ikabomoa nyumba zilizo karibu na kingo. Reki haziwezi kuzuia mto. Kijana aliyejifunza kuzibua mtaro hana budi ajifunze pia njia ya kwenda kwa diwani wa wodi yake na kuuliza kwa adabu, bila kuchoka, lori liko wapi.

La pili ni zito zaidi. Vijana wa Mathare wamepigwa risasi na polisi, si mara moja wala mbili, na si wote waliokuwa wezi. Mwezi wa Agosti 2017, baada ya uchaguzi, risasi zililia tena humo. Katika miaka ya karibuni kikundi kiitwacho Mathare Green Movement kimekuwa kikipanda miti mahali palipokuwa majalala, na miti hiyo ni ukumbusho wa vijana waliouawa. Mtu aweza kupita hapo akadhani ni bustani tu. Ni kazi ya jamii kama nyingine, lakini ndani yake lipo dai. Nami naona ni haki dai hilo litolewe kwa mche na ndoo ya maji, na ni haki vilevile lijibiwe na wenye mamlaka.

Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 55, yaiagiza serikali ichukue hatua ili vijana wapate elimu, kazi na nafasi ya kushiriki katika mambo ya siasa na ya jamii. Katiba hiyo hiyo imeweka uchaguzi mkuu uwe Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti kila mwaka wa tano, kwa hiyo unaofuata ni wa mwaka wa 2027. Wanaonunua vijana huanza kuzunguka mapema. Molo, Burnt Forest na Olenguruone, mahali palipoonja moto tangu mwaka wa 1992, hapana sababu ya kungoja mfadhili wala mpango kutoka Nairobi.

Mahitaji si makubwa. Mpira mmoja na filimbi. Reki, sepetu na toroli, ambazo vyama vya ushirika na shule huwa nazo tayari na zaweza kuazimwa siku ya Jumamosi. Timu ziundwe kwa mitaa na vijiji vinavyopakana, na mahali ambapo makabila mawili yamekaa huku na huku ya barabara, barabara hiyo iwe katikati ya timu, isiwe mpaka wake. Kazi ichaguliwe na vijana: kisima, daraja la mbao, njia ya kwendea zahanati. Mzee wa mtaa aweza kualikwa kuikagua kazi na kusema imekwisha au haijakwisha, kisha anyamaze. Daftari likae kwa vijana, liandikwe kwa wino, na lisomwe kwa sauti mbele ya timu zote kila baada ya mchezo wa mwisho wa Jumapili, pointi za mabao na pointi za kazi kwa pamoja, kabla watu hawajatawanyika kwenda kukamua ng'ombe.